Bolti Nne za Nshamba

Siku niliyowakabidhi funguo, vijana wa karakana ya Miembeni waliniuliza kwa nini kabati letu la vipuri lina tundu la sarafu ubavuni. Nikawaambia ni hadithi ndefu na mimi nimechoka. Wakanicheka, maana ndivyo ninavyojibu kila kitu. Sasa nimestaafu, magoti yananiuma, sina pa kukimbilia, basi naandika. Msitafute humu habari za vyeo wala mishahara. Cheo changu kilikuwa fundi tangu mwanzo hadi mwisho, na mshahara wa fundi mnaujua wenyewe.

Nilianza kabla ya vita ya mpakani, Bukoba mjini, kwa Ta Leonidas (Ta kwetu ni heshima ya mwanamume mtu mzima), fundi aliyetengeneza redio, mashine za santuri za kwenye baa, na mashine za gololi. Hizi za gololi hamkuziona. Ilikuwa meza ya mteremko yenye kioo juu. Unatia sarafu, unavuta springi, gololi ya chuma inaruka na kugonga nguzo za mpira, taa zinawaka, kengele inalia. Ndani hamna kompyuta wala chipu. Kuna waya nyingi kupita kiasi, koili, na swichi za sumaku zinazobofya moja baada ya nyingine.

Siku ya kwanza hakunipa hata bisibisi. Alifungua mlango wa nyuma, akanikalisha kwenye kigoda na sikio langu karibu na waya, akaenda kucheza mbele.

"Deo, umesikia wapi?" akauliza.

"Sijasikia kitu, Ta Leonidas."

"Basi kaa."

Nilikaa mpaka mchana, na yeye akacheza mpaka mchana, kazi ambayo sikuona kama inamchosha. Mwishoni nikaanza kusikia kwamba bofyo moja linachelewa. Nikamwonyesha. Akaja na kipande cha karatasi, akakipitisha katikati ya ncha mbili za swichi, zikasafika, mashine ikapona. Vipimo vya mita alinifundisha baadaye sana.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kufunga mashine chini. Wachezaji wetu, gololi ikikaribia kuzama, walikuwa wakiinua meza nzima ili irudi juu. Watengenezaji wa huko Ulaya walikuwa wameweka kengele ya kuzuia kutikisa, lakini hawakuwahi kukutana na watu wanaobeba mikungu ya ndizi tangu utotoni. Kwa hiyo Ta Leonidas alikuwa na desturi yake: kila mashine ifungwe kwa bolti nne zilizozikwa kwenye saruji ya sakafu. Nilizichimbia bolti hizo Bukoba nzima, na baadaye nilizichimbia Muleba.

Vita ilipofika, mabomu yakaanza kudondoka, watu wakashika njia ya kusini na magodoro kichwani. Ta Leonidas hakuchukua godoro. Alipita kwenye mashine zake zote na bisibisi, akatoa koili na swichi, akazipanga kwenye kapu na kuzifunika kwa majani ya mgomba. Nikamuuliza makasha je.

"Makasha yamefungwa, yakae. Anayeyataka aje na nyundo."

Tulitembea na kapu hilo mpaka Muleba kwa dada yake, tukapokezana. Nilikuwa na hofu nyingi njiani, na sehemu kubwa ya hofu hiyo ilikuwa ya kuliangusha kapu. Tuliporudi baada ya vita, tukayakuta makasha palepale, mengine yamepasuliwa vioo, moja lina kuku. Tukarudisha utumbo ndani, tukatoa kuku, mashine zikafanya kazi.

Vita ilipokwisha vikaanza kuingia vitu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mashine ya kwanza ya gemu yenye kioo cha televisheni ilifika mjini juu ya lori, imefunikwa turubai. Aliyeileta hakusema aliipataje, na kwa kuwa alikuwa mteja, nasi hatukuuliza. Ilikuwa ya mtindo wa meza: kioo kimelala juu, watu wawili wanakaa kuelekeana na kukitazama kwa kuinama. Kosa la mtindo huo ni kwamba ukimwekea Mhaya meza, ataweka rubisi juu yake. Nilimwaga pombe ya ndizi kutoka kwenye mashine ile mara nyingi kuliko nilivyobadilisha fyuzi. Halafu msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ukifika, mwanga wa kioo unawaita, wanaingia kwenye matundu ya hewa na kukaangika kwenye transfoma. Mashine inazima, baa nzima inanukia vizuri, na mwenye baa anakulaumu wewe.

Ile mashine ilizaliwa na gemu moja na ingekufa na gemu hiyohiyo. Hapo ndipo biashara ilipowashinda wengi. Mwanzoni kila mtu anapoteza haraka, sarafu zinaingia. Baada ya muda vijana wameijua, kijana mmoja anatia sarafu moja na kukaa alasiri nzima, wengine wanamtazama bure. Ndani kulikuwa na swichi ndogo za kupunguza maisha ya mchezaji, na wenye mashine waliniita kwa siri nizibonyeze. Ukipunguza sana wanasusa. Gemu ikishachosha, dawa ilikuwa kununua mashine nyingine nzima kutoka Nairobi, na aliyeweza kufanya hivyo angenunua pikapu. Wakati huohuo shilingi ilikuwa ikishuka. Tundu lililopimwa kwa sarafu fulani likabaki na sarafu isiyonunua hata kiberiti, ikabidi tukate vipande vya bati vya kutumika kama sarafu na kuviuza kaunta.

Kilichotuokoa ni plagi. Watengenezaji walikubaliana bodi zote ziwe na mdomo wa aina moja, kwa hiyo kasha, kioo na vishikio vinabaki, wewe unachomoa bodi ya zamani na kuchomeka mpya. Bodi ni bamba la kubeba kwapani, na gemu yote imo humo. Zikaja za kuigiza kutoka Asia, bei ikashuka, na watu wa kawaida wakaweza kuingia kwenye biashara hii. Kwa miaka hiyo michache nilifurahia kazi yangu. Naisema wazi kwa sababu yanayofuata hayana furaha nyingi.

Ugonjwa wa kukonda ulikuwa umeshaingia. Kwetu waliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa fasheni, kabla haujapata jina la serikali. Nilianza kupata habari za misiba kupitia mashine. Mashine ikiletwa na mtu ambaye si mwenyewe, nilijua, nikatafuta bisibisi. Ta Leonidas naye akaanza kukonda. Siku moja aliniita Nyanga, nyumbani kwake, akanipa pasi yake ya kulehemu, ile ya kichwa cha shaba inayopashwa kwenye mkaa.

"Kila mwaka mashine zinapungua uzito, Deo," akasema. "Mimi nimeamua kuziiga."

Nilicheka kwa kuwa alitaka nicheke. Tulimzika kabla kahawa haijavunwa, na hata leo nikishika pasi ile namsikia akiniuliza nimesikia wapi.

Katika wateja wangu wa Muleba alikuwapo Ta Faustini wa Nshamba. Alikuwa na kibanja, shamba la ukoo la migomba na kahawa, na mbele ya nyumba, upande wa barabara, chumba chenye mashine moja na jenereta. Nilimfungia mimi mwenyewe, bolti nne, saruji nzuri. Mara mbili nilikwenda kumbadilishia bodi. Mkewe alitangulia kufa. Baadaye Ta Faustini akaanza kukaa juani akiwa na koti, na binti yake Adelina ndiye aliyewasha jenereta, akauza vipande vya bati na kuwatoa walevi. Alikuwa ameacha shule ili afanye hayo. Wadogo zake wawili, wasichana pia, walikuwa bado wanasoma.

Ta Faustini alipofariki nilikwenda kuzika. Matanga yalipovunjwa ukoo ukakaa, kama kawaida, kuamua nani atashika nini. Marehemu hakuwa na mtoto wa kiume, hivyo kibanja kilikwenda kwa kaka yake mkubwa, Ta Bonifasi, na hakuna aliyeshangaa. Watoto walikuwa wamegawanywa tayari: mmoja kwa shangazi huko Kamachumu, mwingine kwenda mjini kulea mtoto wa jamaa, na Adelina abaki kwa Ta Bonifasi. Adelina alikuwa amemwomba mzee wa ukoo, Ta Kamugisha, awaache wakae watatu pamoja katika chumba cha kupanga pale senta, na mashine ndiyo iwalishe. Kwa hiyo swali likawa mashine ni ya nani, na ndiyo sababu niliitwa.

Nilikuta wazee barazani wanatafuna kahawa. Nikapewa punje, nikatafuna. Ta Kamugisha akaniuliza:

"Fundi, ile mashine imesimama tu, au imefungwa?"

"Imefungwa, waitu," nikajibu kwa neno letu la heshima.

"Kwenye nini?"

"Kwenye saruji. Bolti nne."

Wazee wakatazamana. Kwao jambo lilikuwa limekwisha. Kilichopandwa na kilichojengwa hufuata kibanja: mibuni, migomba, nyumba, milango. Vyombo, nguo na vitu vya kubeba ni vya watoto. Mashine imezikwa sakafuni, basi ni kama mlango.

Ta Bonifasi hakuwa mtu mbaya, msije mkamfikiria hivyo. Alikuwa ameshazika wadogo zake kadhaa, na watoto waliokuwa wakilala kwake walikuwa wengi kuliko mikeka. Alitazama chini akasema, "Mimi sikuja kunyang'anya. Nikipata hiyo mashine, nao watakula humohumo."

"Watakula wakiwa watatu?" Ta Kamugisha akauliza.

"Hapo siwezi kuahidi, waitu. Nyumba haitoshi."

Adelina alikuwa amepiga magoti pembeni, karibu na mlango. Akaomba ruhusa ya kusema, akapewa, kwa shingo upande.

"Baba mkubwa, kasha limefungwa. Nimekubali. Na kilichomo ndani?"

"Kilichomo kinafuata kasha, mwanangu."

"Baba alikuwa anakitoa. Fundi anakuja, anakitoa, anaondoka nacho Bukoba, anarudi na kingine. Mlango wa nyumba hautolewi hivyo."

Ta Kamugisha akanigeukia. "Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema. "Iliyomo sasa ni ya tatu. Nimezileta zote kwapani."

"Na kasha likibaki bila hicho kitu, linakuwa nini?"

"Kabati, waitu. Tena bovu, halina rafu."

Wazee wengine wakacheka kidogo. Ta Bonifasi hakucheka. Mimi nilikuwa naogopa, maana nilijua kwamba nikimwudhi mrithi, wateja wangu wa Nshamba wamekwisha. Ta Kamugisha akasema nikaitoe wazione. Nikaenda, nikafungua mlango wa nyuma, nikachomoa plagi, nikarudi na bodi na kuiweka mkekani mbele yao. Wakaiinamia. Mmoja aliinyanyua, akaipima uzito kwa mkono kama anayepima sungura sokoni, akampa Ta Kamugisha.

"Hiki kinabebwa," Ta Kamugisha akasema. "Ni cha watoto. Kasha na kioo chake ni cha kibanja."

Ta Bonifasi akasema, "Sawa. Wakae watatu. Lakini wakishindwa, wasije wakasema niliwanyima nafasi." Alisema kwa uchovu, na nadhani alipata nafuu pia. Adelina aliifunga bodi kwenye kitenge cha marehemu mama yake, akaibeba mgongoni kama mtoto.

Bodi peke yake haichezeki. Nilimtengenezea kasha la mbao za masanduku ya chai, nikatafuta kioo kwenye televisheni iliyokufa, na tundu la sarafu nikalitoa kwenye mashine ya santuri. Nilipotoa kekee nichimbe sakafu ya chumba alichopanga, akaushika mkono wangu.

"Hapana, fundi. Hii usiifunge."

"Wataiinua, watakuvunjia."

"Nitaweka mawe chini. Mawe yanatoka."

Akaweka mawe. Kila aliyecheza akaitikisa, na kila mwezi nilikwenda Nshamba kulehemu upya nyaya zilizoachia. Sikumlaumu hata mara moja, ingawa barabara ile nililaani.

Fedha zilikuwa kwenye visiwa vya ziwa. Samaki walikuwa wanasafirishwa, na wavuvi wageni kwenye kambi za ziwani walikuwa wakimaliza jioni moja pesa ambazo Nshamba ilizipata kwa msimu wa kahawa. Watu walimshawishi Adelina aende na mashine yake. Alijua kambi zile zinawafanyia nini wasichana, akakataa kukanyaga. Akampa mashine mvuvi mmoja aliyemwamini, wagawane. Mvuvi yule alikuwa mwaminifu kweli, na uaminifu wake ndio uliotuponza. Mtumbwi uliingia maji, bodi ikalowa, naye akaona aikaushe vizuri kabisa. Akaona vibandiko vidogo juu ya chipu vinashika maji, akavibandua. Kisha akaianika kwenye kichanja pamoja na dagaa, akawa anaigeuza kila siku, zaidi ya wiki nzima, mpaka ikakauka kama dagaa wenyewe.

Vibandiko vile vilikuwa na kazi. Chini yake kuna kidirisha cha kioo, na jua likiingia hapo kwa siku nyingi, kumbukumbu ya chipu inafutika. Bodi iliporudi kwangu ilikuwa safi, inang'aa, inanuka dagaa, na haina gemu yoyote ndani. Adelina alisimama pale Miembeni mlangoni kwangu akanitazama nikiipima.

"Imekufa?"

"Mwili upo. Haikumbuki kitu."

Hakulia. Alikaa kwenye kigoda akasema wadogo zake wana mitihani, na kwamba Ta Bonifasi ameshamtuma mtu kuuliza habari. Niliona aibu kuwa na kazi isiyoweza kumsaidia msichana huyu. Nilifunga karakana, nikaanza kuzunguka Bukoba baa hadi baa, nikikumbuka nani alinunua bodi ya aina ileile. Niliikuta kwenye mashine iliyokufa kioo, katika baa ambayo mwenyewe alikuwa amezikwa na mjane hakujua kilichomo ndani ya lile sanduku. Nilimweleza kila kitu. Akasema, "Chukua, fundi. Huyo mtoto ana haja nayo kuliko mimi." Bodi yenyewe ilikuwa imeliwa na kutu, basi nilichomoa chipu moja moja kwa ncha ya kisu, nikazihamishia kwenye bodi ya Adelina, nikaziiga hata swichi zake, nikabandika plasta ya hospitali juu ya kila kidirisha. Gemu ikarudi, ila kwa mpangilio wa yule marehemu mwenye baa, maisha mawili tu. Nikamwongezea Adelina maisha ya tatu.

Ilimlisha miaka kadhaa baada ya hapo. Aliniuliza mapema itakufa lini, nami nikamwambia kweli: zikija zile gemu ndogo za Kichina za kuchomeka kwenye televisheni ya nyumbani, tutalala njaa wote. Zikaja. Mtu akaweka televisheni kwenye benchi akawalipisha watoto kwa saa, bila kasha, bila sarafu, bila fundi. Adelina alikuwa ameshaiuza bodi, akanunua cherehani. Kasha alinirudishia, ndilo hilo mnalowekea vipuri. Wadogo zake walimaliza shule wakiwa bado wanalala chumba kimoja naye.

Cherehani ilikuwa ya kubeba. Baadaye akawa na friji ya soda, naye akaiweka kwenye magurudumu. Nilimtengenezea redio, jiko la umeme, kila kitu, na kila mara alinikumbusha nisifunge kitu ukutani wala sakafuni. Nikazoea.

Kazi yangu ya mwisho kabla sijawakabidhi funguo ilikuwa Nyanga. Adelina aliniita nikamsimikie mashine ya kusaga. Ana mvi sasa. Nikakuta banda jipya, sakafu ya saruji, na mashine ya kusaga katikati, nzito. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye, maana mashine ya kusaga isipofungwa inatembea yenyewe mpaka barabarani.

"Mama, hii mawe hayataiweza," nikaanza.

Akafungua mkono. Ndani yake zilikuwamo bolti nne mpya, ndefu, za kuzika.

"Kiwanja nimekinunua mimi, fundi, kwa jina langu," akasema. "Chimba. Zifike chini kabisa."

Nikapiga magoti, magoti haya haya mabovu, nikachimba.